Utani wa mzazi na mtoto nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia mtoto mchanga hadi kijana wa sekondari

Kwa desturi za makabila yetu mengi, mtani wa mtoto ni babu na bibi. Bibi ndiye anayemwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumlalamikia kwamba siku hizi haleti hata kitoweo. Babu ndiye anayemwambia mjukuu wa kike kuwa mwaka huu anaoa, yule bibi kizee arudishwe kwao. Mjukuu naye anajibu: wewe babu huna meno, mahindi ya harusi utatafuna na nini? Watu wanacheka na hakuna anayesema mtoto kakosa adabu. Baba na mama walibakiwa na kazi nyingine: kulisha, kuonya na kuamrisha.

Mpango huo ulifaa bibi alipokuwa nyumba ya pili. Leo bibi yuko Korogwe, wajukuu wako Mbagala kwenye vyumba viwili vya kupanga, na wanaonana Idi kwa Idi au kwenye simu ya video, intaneti ikikubali. Nafasi ya mtani imebaki wazi, na mtu mzima pekee aliyepo jioni ni mzazi. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kuikalia nafasi hiyo bila kuwaumiza watoto na bila yeye mwenyewe kugeuzwa mwanasesere.

Kwanza, kanuni ya watani

Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19. Leo ni watani, na mtani anaweza kufika msibani akafanya vituko mbele ya wafiwa, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai pesa ndipo jeneza lipite, na wenye msiba wakacheka huku machozi hayajakauka. Kinachowezesha yote hayo ni kwamba haki ni ya pande zote mbili. Anayetania leo kesho anataniwa, na zamu yake ikifika hana ruhusa ya kununa.

Ukiiondoa sehemu hiyo ya pili, kinachobaki ni mkubwa kumcheka mdogo, na mtoto hulijua hilo kabla hajaweza kulisema. Kwa hiyo jiulize mapema, tena kwa ukweli: niko tayari kutaniwa na mtoto wa miaka saba kuhusu kitambi changu? Kama jibu ni hapana, usianze kumtania. Mpende kwa njia nyingine, zipo nyingi.

Hatua ya 1: Chekwa wewe kwanza

Siku za mwanzo usimtanie mtoto hata kidogo. Jitanie mwenyewe. Kwa wadogo ni rahisi: vaa kandambili zao zikuishie nusu ya unyayo, ulalamike kwamba fundi kakudhulumu. Mwite paka "kuku" na usubiri usahihishwe. Vaa sufuria kichwani, kisha uwaulize wote mliomo ndani kama kuna aliyeona sufuria. Kwa wakubwa kidogo, omba wakufundishe kitu wanachokiweza kuliko wewe, hatua za muziki wa sasa hivi au mchezo wa kwenye simu, halafu ushindwe mbele yao bila kusingizia mgongo.

Baba aliyezoeleka kwa ukali asishangae watoto wasipocheka mara ya kwanza. Watatazamana. Mmoja atamtazama mama yake kuuliza kwa macho kama mambo ni salama. Usianze kueleza kwamba ulikuwa unatania, na usiwaambie wacheke. Endelea na shughuli zako, kesho rudia kingine. Kicheko cha woga hutoka haraka na kwa sauti kubwa, hivyo usikione ukadhani kazi imekwisha. Kicheko unachokitafuta ni kile kinachofuatwa na mtoto kukuongezea neno.

Akiongeza neno, hata likiwa na ncha kidogo, lipokee. Amesema "Baba unakoroma kama bajaji"? Jibu: "Abiria mmoja amebaki, unapanda au nakuacha?" Hapo mlango umefunguka.

Hatua ya 2: Pima utani kwa umri

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa sababu kinachomchekesha mtoto wa miaka tisa kinaweza kumnyima usingizi wa miaka minne.

*Miezi ya mwanzo.* Tabasamu la kukujibu huanza wiki ya sita hivi, na kicheko cha sauti mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto wa umri huu hajui maneno. Anacheka uso wako, sauti yako na kile anachokitarajia. Ficha uso kwa khanga, ufunue, ungoje kidogo, urudie vilevile. Kurudia ndiyo ladha yenyewe. Akigeuza uso pembeni au akianza kusinzia, ameshiba, acha. Usimrushe juu wala kumtikisa, hata kama anacheka. Shingo yake haijakaza, na mtikiso wa nguvu unaweza kuvujisha damu kwenye ubongo.

*Karibu na mwaka mmoja.* Sasa yeye ndiye anayeanza. Anakunyooshea biskuti, unafungua mdomo, anaivuta nyuma huku anakuangalia usoni. Mwanasaikolojia Vasudevi Reddy wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ameandika sana juu ya utani wa namna hii kwa watoto ambao hata kuongea hawajaanza. Mzazi anayekunja uso na kusema "mtoto mchoyo huyu" amekataa utani wa kwanza wa mwanawe. Jifanye umeonewa. Lia kilio cha uongo. Atarudia mpaka biskuti ilowe.

*Miaka miwili hadi sita.* Umri wa kugeuza dunia: mbuzi anasema miau, soksi inavaliwa mkononi, mtoto ni baba na baba ni mtoto. Ukirudi kazini ukamkuta kwenye kiti chako amevaa viatu vyako, usimwondoe. Msalimie: "Shikamoo mzee. Samahani, mwenye nyumba nimemkuta?" Atakujibu marahaba kwa sauti nzito, na ukiomba upunguziwe kodi atakukatalia. Kama binti amepewa jina la bibi mzaa baba, mama ana hazina ya bure: "Mama mkwe, chai imekolea au nipike nyingine nisije nikarudishwa kwetu?" Ni utani wa tangu zamani, na binti wa miaka minne anaweza kujibu bila kucheka: "Rudia, haina tangawizi."

Lakini umri huuhuu ndio unaoamini kila neno. "Wewe tulikuokota jalalani." "Nitakuuza kwa wale wanunua vyuma chakavu." "Ukilia askari anakuja kukuchukua." Karibu kila ukoo una mtu anayejiona mcheshi kwa sentensi hizi, na karibu kila mtu mzima anakumbuka siku alipoambiwa mojawapo. Mtoto wa miaka minne hana namna ya kuhakikisha kwamba hakuokotwa. Atacheka kwa kuwa nyie mnacheka, kisha usiku atakuja kuuliza mbona yeye hafanani na dada. Ziache zote, na ukimsikia mjomba anazisema, sahihisha palepale mtoto akisikia: "Huyu nimemzaa mwenyewe, nilikuwepo."

Kejeli nayo iweke kando. Kusema "hongera sana" kwa aliyemwaga uji ni lugha ambayo wengi huanza kuielewa kidogokidogo wakiwa na miaka mitano au sita, na hata wakishaielewa huchukua muda kabla ya kuiona inachekesha. Mdogo atasikia hongera tu, ashangae kwa nini sura imekasirika.

*Miaka saba hadi kumi na mbili.* Umri wa vitendawili, vitanza ndimi na utani wa mpira. Huu ndio msimu wenyewe wa mavuno, na hatua ya tano nimeitoa kwa ajili yao.

Hatua ya 3: Chagua kinachotanika

Kipimo ninachokitumia: je, mtoto anaweza kukibadilisha hicho kabla ya kulala? Shati kavaa nje ndani, kaenda dukani kununua chumvi karudi na pipi, kaapa hataki ugali halafu kaonekana na sufuria jikoni. Hivyo vyote tania. Rangi ya ngozi, ukubwa wa kichwa, unene, wembamba, meno, kigugumizi, macho, nafasi aliyoshika darasani, kuchelewa kusoma. Hivyo usiguse, hata kwa mapenzi, hata kama wewe mwenyewe uliitwa hivyo ukakua salama. Jina "Bonge" hutolewa siku moja na mtu mmoja, kisha likapokewa na mtaa mzima. Mtoto akinyolewa, wenzake watamwimbia kipara ngoto wenyewe. Nyumbani hapahitaji kuongeza waimbaji.

Kukojoa kitandani kunataka neno la peke yake, maana zamani kulifanywa tamasha: mtoto anabebeshwa godoro, anazungushwa mitaani, watoto wanamwimbia. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hivi bado hukojoa usiku. Mwili wa mtoto aliyelala haujakomaa kuitikia wito, na aibu haiukomazi. Mwenye tatizo hilo asitaniwe nalo na yeyote, wakiwemo ndugu zake. Mabadiliko ya mwili wa balehe, sauti inayopasuka na kifua kinachoota, yako kwenye orodha hiyohiyo.

Hatua ya 4: Wekeni neno la kusimamisha

Neno ni "basi". Likitamkwa, aliyekuwa anatania anaacha palepale, awe baba au mdogo wa mwisho. Hakuna "subiri kidogo", hakuna "mbona unadeka".

Lijaribuni kwanza kwenye kutekenya, ambako ndiko linakohitajika zaidi. Anayetekenywa, mwili wake hucheka wenyewe, hata kama mwenyewe anataka muache. Kwa hiyo kicheko chake hakikupi ruhusa ya kuendelea. Tekenya kidogo, simama, inua mikono. Akijileta mwenyewe, endelea. Akisema basi, kaa mbali hata kama anacheka bado, kisha umwache yeye ndiye aanze tena. Mtoto akishaona kwamba neno lake linafanya kazi kwa baba, atajua pia kwamba mtu mwingine asiyelitii neno hilo kuna jambo haliko sawa, na atakwambia.

Mtoto mdogo mwenye karanga, pipi au kipande cha muwa mdomoni asichekeshwe kabisa. Amalize kwanza.

Hatua ya 5: Tumieni vitendawili

Shida kubwa ya mzazi wa kwetu ni heshima: mtoto atanitania vipi bila kunivunjia? Wazee walishalitatua. Kitendawili kina mlango wa kuingilia na wa kutokea. "Kitendawili!" "Tega!" Katikati ya maneno hayo mdogo anaweza kumshinda mkubwa, akamnyang'anya mji na kujigamba, na mchezo ukiisha kila mtu anarudi mahali pake.

Umeme ukikatika, au mkisubiri maharage yaive, anza na vya zamani ili wazoee. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Popoo mbili zavuka mto: macho. Huku ng'o na huko ng'o: giza. Anayeshindwa anatoa mji, na mpewaji haupokei kimyakimya, anatamba nao. "Nilikwenda Tanga, nikapokelewa kwa ngoma, nikala samaki mpaka wavuvi wakalalamika, nikamkuta baba yenu stendi anauza maji."

Wakishazoea, tegeni vya humu ndani. Kila mmoja atunge kuhusu mwenzake, lakini kwa masharti ya hatua ya tatu. "Kila mtu nyumba hii anaisikia ila mwenyewe": mkoromo wa baba. "Inakwenda sokoni dakika kumi, inarudi jioni": mama akikutana na shoga zake njiani. "Ana miguu miwili lakini rimoti lazima aletewe": hapa kwangu majibu yalikuwa mawili, na wote wawili walikataa. Mtoto amesema alichotaka kusema kwa muda mrefu, mzazi amesikia, na hakuna aliyekosewa adabu. Mwaka mzima wa kuhojiana hauwezi kukupa habari kama hizo.

Anayetega vibaya mfundishe kutega. Fumbo lenye tusi linaonyesha tu kwamba mtungaji kashindwa kufikiri. Mrudishie alitunge upya. Na anayepigwa kitendawili kikamgusa sana ana neno lake la hatua ya nne.

Vitanza ndimi vifuate, kwa kuwa hapo watu wazima huumbuka bila kujali vyeo. "Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale", mara tatu bila kupumua. Babu mstaafu na mtoto wa darasa la pili hukwama pamoja.

Hatua ya 6: Linda utani usitoke nje

Utani wa mezani ubaki mezani. Kilichomchekesha mtoto mkiwa wanne humdhalilisha wakiwepo wageni, na zaidi wakiwepo wenzake wa shule. Ukitaka kusimulia kituko chake kwa shangazi, muulize kwanza, naye akisema hapana, simulia chako.

Simu ndiyo balaa. Kumtisha mtoto ili alie, kumrekodi, kisha kuweka video kwenye status watu wacheke: huo si utani kwa kipimo chochote, maana mtoto hana simu ya kukurekodi wewe. Video itajifuta baada ya saa 24, lakini kundi la ukoo limeshaisambaza.

Kisha kuna watani wa kujiteua. Bibi akimwita mjukuu "mume wangu" anatumia haki ya bibi, mbele ya watu wote. Jirani, mpangaji mwenzio au mwenye duka anayemwita binti yako "mchumba wangu" hana haki hiyo. Mwambie aache, na mwambie bila kucheka, kwa sababu ukicheka umemfundisha binti kwamba naye anatakiwa kucheka.

Kwa ndugu kwa ndugu sina mengi. Wakubwa watawatania wadogo. Kazi yako ni kuhakikisha zamu inazunguka. Mmoja akigeuka kuwa wa kuchekwa kila siku, mgeuzie kibao mkubwa wao, au jitoe wewe uchekwe.

Hatua ya 7: Kijana wa sekondari

Utani uliompendeza akiwa na miaka minane sasa unamkera, na hilo si kosa lake wala lako. Subiri aanze yeye. Ataleta maneno ya shuleni, na kama mko Nairobi au Mombasa ataleta mchongoano, mashindano ya vijana ya kutaniana kwa maneno, ambao huanzia mahali pagumu: wewe ni mnono hadi, nyinyi ni maskini hadi. Usiuzuie moja kwa moja. Mwekee sharti kwamba nyumbani vinachongolewa vitu, watu hawachongolewi. "TV yetu ni nzee hadi habari za leo inatuonyesha kesho." Utaona anavyosumbuka kutafuta jingine lenye ladha.

Kwa Tanzania, mpira ni zawadi kwa mzazi wa kijana. Yanga imeanzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo nyumba nyingi zimegawanyika bila kuvunjika. Mimi ni wa Simba. Tarehe 5 Novemba 2023 tulifungwa 5–1, na sikuwa na pa kujificha: shuka la kijani kwenye kochi langu, chai imeletwa na vijiko vitano, mtu anapita kila dakika kunisalimia kwa vidole vitano vilivyonyooshwa. Nilipokea yote. Nikajibu kwa 5–0 ya Mei 2012, nikaambiwa hiyo ni historia, niiandike kwenye daftari. Nikaongeza 6–0 ya Julai 1977, nikaulizwa kama nilikuwa nimezaliwa. Kijana ambaye wiki nzima alikuwa akinijibu kwa neno mojamoja aliongea saa mbili mfululizo, na katikati ya "makolo" (sisi wa Simba) na "utopolo" (wao wa Yanga) akapenyeza kwamba kuna mwalimu anamsumbua.

Ndivyo wanavyosema mambo yao, pembeni, huku wanaangalia kitu kingine. Ikitokea, usirukie neno lile ukageuza kikao kuwa mahojiano. Maliza utani wa mpira kwanza. Swali la mwalimu utaliuliza baadaye, mkiwa wawili.

Hatua ya 8: Utani ukiharibika

Utaharibika tu. Dalili ni hizi: kicheko kinakatika ghafla, anatazama chini, anajibu "sawa" bila sauti, au anaanza kumpiga mdogo wake bila sababu. Usimwambie "nilikuwa natania tu, mbona hujui utani". Sentensi hiyo inamwambia aliyeumia kwamba kosa ni lake.

Fanya hivi. Nyamaza kidogo. Mfuate alipo, mkiwa wawili, useme kilichosemwa kwa jina lake: "Nimekutania kuhusu hesabu mbele ya wenzako. Samahani, sikupaswa." Usiongeze "lakini". Usimdai akusamehe hapohapo, wala usimtekenye ili mambo yaishe. Mpe saa moja au usiku mzima.

Kilichomuumiza kiondoe kwenye orodha, na uwatangazie wa nyumbani bila hotuba: hili halitaniwi tena. Kama ni jina la utani, halitumiki kuanzia leo, hata na mjomba aliyelianzisha, hata na bibi kwenye simu. Watasahau mara mbili tatu, na kila wakisahau uwakatize wewe. Usimwachie mtoto kazi hiyo. Kisha ngoja akutanie yeye kwanza ndipo uanze tena.